Mume wetu anapona kwangu, anaugua kwa bi mdogo

Admin, nifichie jina, na kama utaona neno la kunitambulisha lifute. Nitataja Wawi na Konde tu, maana ni pakubwa na wenye kisa kama changu hatukosi.

Nina miaka thelathini na sita, nimesoma skuli hadi kidato cha nne, nina watoto watatu. Naishi Wawi. Mume wangu aliongeza mke wa pili miaka mitatu iliyopita, binti wa Konde. Analala siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Nina kawaida ya kuandika kila jioni yaliyonipata, kwa hiyo maneno ninayoyaleta hapa ni kama yalivyosemwa.

Mwisho wa mwaka mume wangu alizidiwa. Kiu haimwishi, macho yanaona ukungu, kukonda kila siku. Hospitali wakasema ni sukari. Usiku wa kuamkia Januari ilikuwa zamu yangu. Akaniambia, "Mke wangu, mwaka huu unaoingia n'taka kula kama mtu mwenye akili. Nisaidie." Nikamwambia, "Basi na mie naacha hizi krimu zangu, uso umeshaniungua. Tuanze pamoja." Akacheka, akanipa mkono kama tunauziana ng'ombe.

Nikaanza. Chai haina sukari, mkate ni wa mtama, samaki wa kuchoma kwa ndimu, mchicha na matembele bila tui zito, wali kidogo pembeni ya sahani. Mimi nikarudi kwenye liwa, ule mti wa harufu wa kujipaka usoni, naisaga mwenyewe kwenye jiwe la bibi yangu kwa maji ya mawaridi, na mafuta ya nazi niliyoyapika nyumbani. Jioni tunatembea pamoja mpaka njia kuu na kurudi. Wallahi, tangu aongeze mke sikuwa na kitu cha sisi wawili peke yetu. Hicho kilikuwa changu.

Lakini kila akirudi kutoka Konde, sukari kwenye mashine ya kupimia inapanda.

"Umekula nini huko?"

"Mkate wa kumimina, na sukari yake. Na wali wa nazi, na kuku wa kukaanga. Kaniandalia, nimwambie sili?"

"Na kwangu mbona unakula matembele?"

"Kwako nakula dawa, mke wangu. Kule nakaribishwa."

Alitania tu, najua. Ila nililia jikoni huku nimefungulia maji ya mfereji asinisikie. Yaani kwangu yeye ni mgonjwa na mie ni nesi, halafu anakwenda Konde kuwa bwana harusi.

Haikuisha hapo. Kulikuwa na harusi ya mtoto wa wifi yangu, na bi mdogo akaja. Uso wake unang'ara, laini, hata chunusi alizokuwa nazo hakuna. Aliponiamkia nikasikia harufu ya liwa. Nikamuuliza kwa kucheka, "Mwenzangu, umejipaka nini?" Akasema bila kuficha, "Kaniletea mume wetu, dada. Kasema bi mkubwa kapendeza kwa liwa, na mie nijaribu." Wifi yangu mmoja akadakia mbele ya watu, "Haya bi mkubwa, mwanafunzi kashampita mwalimu!" Wanawake wakacheka, na mie nikacheka nao.

Nyumbani nikamkabili mume. "Liwa imefikaje Konde?"

Akanishangaa. "Kwani liwa yako? Inauzwa mjini, sokoni. Nimeona imekupendeza, nikamnunulia na mwenzio. Ningekununulia wewe peke yako, si ingekuwa dhulma?"

Kwa uadilifu wa wake wawili amesema kweli. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi.

Sasa juzi bi mdogo kanitumia ujumbe wa sauti, analia. Mume kaanguka kwake baada ya kula, kalegea, anaongea maneno hayaeleweki, wakamkimbiza hospitali na usiku akarudishwa. Anasema, "Dada, Ramadhani hiyo inakuja, na mie futari zangu zote ni za sukari na tui. Naogopa kumuua mume wetu kwa mkono wangu. Nifundishe unavyompikia. Ukitaka n'tapanda gari nije kwako nikae jikoni nikuangalie."

Sijamjibu mpaka sasa. Anaona nimesikiliza.

Mama yangu kasema, "Mfundishe. Mume mzima wa watu wawili ni bora kuliko kaburi la mmoja." Mama yangu hajawahi kuwa na mke mwenza. Yule ni mdogo kwangu miaka kumi, mkono wake mtamu kuliko wangu, uso sasa anao. Mume wangu huniambia, "Nikija kwako mwili unakuwa mwepesi, naisubiri zamu yako." Nikimfundisha mwenzangu na hilo, atakuwa anasubiri nini Wawi?

Kesho ni zamu ya Konde. Leo nimepika chakula cha siku mbili, nimekifunga kwenye hotpoti ili aondoke nacho. Nyinyi wa huku mnajua maana yake: chakula cha mke mmoja hakiingii kwenye zamu ya mwenziwe. Nikikipeleka nimemtukana yule binti kwamba hajui kulisha mume, na yeye kaniomba kwa adabu. Lakini mume atakuwa salama, na atakuwa anakula mkono wangu hata akiwa kwake.

Dini inasemaje najua, msinihubirie. Nawauliza wenye wake wenza: mlimpa mwenzenu kile kimoja kilichobaki chenu, na mkaweza kulala? Nishaurini kabla hajaondoka asubuhi. Nimpe mume hotpoti, au nimwambie yule binti aje?