Zamu ya Swaleh

Kioo kikigonga kioo kwenye mchanga hutoa mlio mfupi, mkavu, na hadi leo mlio huo hunisimamisha njiani. Katika Mambrui ya miaka ya themanini, masika yakishapita na ua wa nyumba yetu kukauka, msimu wa gololi ulianza bila ya mtu kuutangaza. Wenye bahati walikuwa na gololi za kioo za dukani. Sisi wengine tulicheza kwa komwe, zile mbegu za kijivu ambazo wazee huchezea bao, na tukichoka tulizisugua sakafuni mpaka zikawa moto, tukambandika mwenzetu shingoni na kutimua mbio. Fundi baiskeli naye alikuwa na gololi zake za chuma, zimelowa grisi, na alitufukuza hata kwa kuzitazama. Nilikuwa msichana pekee mchezoni, na nilikubaliwa kwa sababu kaka yangu Swaleh alisema nisipocheza mimi, hachezi yeye. Hakuna aliyetaka kumkosa Swaleh. Alikuwa na gololi yenye uzi wa buluu ndani, na alipopiga magoti kulenga alitoa ncha ya ulimi kama anayetunga uzi kwenye sindano.

Tulikuwa na sheria ambayo hata watoto wakorofi waliiheshimu. Mchezaji akiitwa nyumbani au chuoni kwa maalimu, aliiacha gololi yake ndani ya kishimo cha mchezo, akakifunika kwa kifuu cha nazi, na mchezo ukalala hapo. Hakuna aliyefunua kifuu ila mwenyewe. Asubuhi moja Swaleh alisimama katikati ya mchezo aliokuwa akiushinda, akasema kichwa chamuuma. Akaitia gololi yake kishimoni, akafunika.

“Ruki, nilindie zamu yangu,” akaniambia. “Asiguse mtu.”

“Na ukichelewa?”

“Sichelewi mie. Nalala kidogo tu.”

Kufikia alasiri homa ilikuwa imempanda, hanitambui. Baba na mama wakampakia kwenye pikapu ya jirani, wakavuka daraja la Sabaki kumpeleka hospitali Malindi. Mimi nilibaki na Ami Bakari, ndugu yake baba, nikakaa kando ya kifuu nikifukuza kuku. Watoto walikuja, wakatazama, wakaenda kucheza kwingine. Kesho yake pikapu ilirudi polepole mno. Nilikimbilia mlangoni nikimwita jina, nimwambie kuwa hakuna aliyegusa. Swaleh aliteremshwa amefunikwa shuka.

Kwetu msiba ukitokea, majirani huleta mchanga mweupe wa pwani na kuumwaga uani, ili majamvi ya wanaokuja kutoa pole yatandikwe mahali safi. Ni heshima kwa maiti na kwa wafiwa. Walikuja na makarai kichwani, Ami Bakari akawa anasawazisha kwa jembe. Nilimshika kanzu kwa mikono miwili.

“Ami, usimwage hapo! Hapo pana zamu ya Swaleh!”

“Mwanangu, hapo watakaa watu,” alinijibu kwa upole, machozi yakimchuruzika, wala hakujua ninachomwambia. Shangazi mmoja alinibeba akanipeleka ndani.

Matanga yalipoondolewa na majamvi kukunjwa, nilitoka nikachimba kwa mikono. Kifuu nilikiona kando ya ukuta, mtu alikuwa amekiondoa ili mchanga ulale vizuri. Kishimo sikukiona. Ua wote ulikuwa mweupe, sawasawa, nami nililia kuliko nilivyolia siku ya maziko. Mama alinikuta nikamweleza. Hakunigombeza. Alipiga magoti akachimba pamoja nami, mpaka vidole vyake vikachubuka, kisha akaniambia basi.

Leo gololi huuzwa kwa mifuko ya wavu, na wanangu huzisahau chini ya kitanda bila ya kujuta. Majirani wote wa Mambrui wamesakafia nyua zao. Ua wa kwetu peke yake bado ni mchanga, na mvua ikinyesha mama huvuka matope kwa mkongojo. Juzi nilimpelekea fundi na mifuko ya saruji. Mama alimkaribisha vizuri, akampa chai na mahamri, akamshukuru, akamwambia aende zake. Nilikasirika. Nikamwambia ataanguka siku moja avunjike nyonga.

“Hapa pana kitu cha mwanangu,” alisema, hata hakunitazama. “Na wewe ndiye uliyeambiwa asiguse mtu.”