Wifi Daktari Achagua Mitetea

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa mpokezi katika kliniki ya meno. Kazi yake ilikuwa kuita majina ya wagonjwa na kufunga madirisha mvua ikinyesha. Lakini alipewa koti jeupe, na koti hilo alirudi nalo nyumbani, akaendea nalo sokoni, akakaa nalo misibani, mpaka mtaa mzima ukamwita Daktari. Naye akaitika.

Hapakuwa na jambo asilolijua. Mimba yangu ya kwanza aliitazama akasema ni msichana. Akazaliwa dume la kupiga kelele. Ya pili akasema mvulana, akaja binti. Mwingine angeona haya. Yeye alisema mtoto alikuwa amekaa upande, kwa hiyo hesabu ilimpotea.

Basi kuku wangu mweusi aliangua vifaranga nyuma ya jiko, kwenye karai bovu nililomtandikia gunia. Walipoanza kuota manyoya ya mabawa na kujitegemea kidogo, Wifi alikuja na kapu. Hakuwa ameombwa.

“Nimekuja kukutenganishia,” aliniambia. “Wewe utalisha majogoo mpaka wakufilisi.”

Alikalia kigoda, akamshika kifaranga mmoja miguu, akamning'iniza kichwa chini. Akampuliza manyoya ya nyuma, akakunja uso kama asomaye maandishi madogo.

“Jike,” akasema, akamtia kapuni.

Nilisogea kutazama. Mimi sikuona kitu ila ngozi ya waridi.

“Umejuaje, wifi?”

“Miguu. Tazama ilivyo minene. Hii ni miguu ya kubebea mayai. Jogoo hana mzigo, miguu ya nini?”

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akatikisa kichwa kukubali, kama anavyokubali kila neno la dada yake tangu alipojua kutembea.

“Tungengoja upanga uchomoze kichwani,” nikasema. “Wale ambao wao utawahi kuwa mwekundu, tutajua ndio mapora, majogoo machanga.”

“Mwenye macho hangoji upanga.”

Akaendelea kupuliza. Nikagundua jambo: kila kifaranga mnene, mrefu, mwenye kifua, alikuwa jike. Kila kinyonge aliyesukumwa na wenzake penye pumba alikuwa jogoo. Majike wote waliingia kapuni kwake, eti atanipunguzia kazi. Mimi nikaachiwa vinyonge nije kuwachinja wakinenepa.

Nilitaka kumzuia. Mume wangu akaninong'oneza, “Mwachie, ni dada.” Kapu likaondoka.

Wifi alikuwa amepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji wengi, ua ni mmoja. Akawajengea kuku wake banda la mabati chini ya kamba za nguo. Huku nyuma akaitangazia kliniki nzima kwamba ana mitetea wa mayai. Wauguzi wakaagiza. Daktari wa meno mwenyewe, yule wa kweli, aliahidiwa trei.

Vinyonge wangu wakakua taratibu. Upanga wao ukabaki mdogo, umepauka, na manyoya ya shingo yakawa na ncha za duara. Nikawatandikia kiota cha kutagia.

Wa Wifi wakatoa upanga mwekundu kama pilipili, na manyoya ya shingo yakachongoka yakameta. Wapangaji waliona. Yeye akasema ni afya. Kisha asubuhi moja mmoja wao akawika, sauti kama mlango usiopakwa mafuta, na kabla hajamaliza wenzake wote wakamjibu.

Wapangaji walivumilia kidogo, kisha mwenye nyumba akaitwa. Siku ya pili yake Wifi alikuwa uani kwangu na kapu lilelile, vichwa vyekundu vimejaa juu yake.

“Sisemi mtu,” akasema. “Lakini kuku niliochukua hapa walikuwa majike.”

“Kwa hiyo nimekubadilishia?”

“Nimesema sisemi mtu.”

“Uliwachagua mwenyewe, wifi, mmoja mmoja, kwa pumzi yako.”

“Basi ni chakula chako. Uliwalisha vibaya walipokuwa wadogo, wakageuka.”

Wakati huohuo mmoja wa vinyonge wangu alitoka kiotani, ametaga, akaanza kutetea kwa sauti. Ndiye pekee aliyetetea siku hiyo. Mume wangu, ambaye kwa kawaida humtetea dada yake kabla hajashtakiwa, alikuwa anatazama viatu vyake.

Wifi alitaka tubadilishane, kuku kwa kuku. Nilikataa. Kati ya wake nilibaki na jogoo mmoja tu wa kupandia. Wengine akawauza wote kwa mwenye hoteli, bei ya kutupa.

Baadaye mume wangu akaniomba nimpelekee dada yake mayai, asiaibike kazini. Nilimpelekea trei. Nilichagua madogo. Alinipokea mlangoni na koti lake jeupe, hakusema asante. Aliliinua yai moja kwenye mwanga, akanieleza kwamba yai lenye ncha hutoa jogoo.