Mdudu wa Kwenye Matuta ya Baba

"Kama si mchwa, basi anaitwaje?"

Niliulizwa swali hilo mbele ya kijiji kizima nikiwa darasa la nne. Hadi leo, nikinusa spiriti kwenye zahanati au maabara, najiona tena pale mbele ya ofisi ya kijiji, vumbi la kiangazi likinichoma macho na watu wazima wakinicheka.

Aliyeniuliza alikuwa bwana shamba. Sisi watoto tulimwita Kaptura, kwa sababu alivaa kaptura hata Juni, wakati baridi ya Ufipa inapowafanya ng'ombe watoe moshi puani. Mkobani mwake alikuwa na chupa ndogo za spiriti, na kila mdudu aliyekutana naye aliishia humo. Nilimpenda kwa ajili ya chupa zile kabla sijamchukia.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu kwa zamani. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na mahindi nayo yalitakiwa kwa mistari. Baba hakuipenda mistari. Kila alfajiri alirudi kwenye shamba lake la zamani, kwenye matuta ya duara tunayoyaita intumba. Mwishoni mwa mvua unafukia majani chini ya udongo, yanaoza polepole, na mvua zijazo unalisambaza tuta na kupanda ulezi. Mwaka ule alikuwa ameinua matuta ya kututosha nyumba nzima. Chakula kingine cha kutegemea hatukuwa nacho.

Ndani ya matuta yale waliishi wadudu niliozoea kuchezea. Walikuwa wekundu kama tofali lililoiva, wazito wa mwendo, na taya zao ndefu zilifanana na koleo ya mhunzi. Ukimgusa mmoja alijikunja akajifanya maiti.

"Waache hao," baba alikuwa akisema. "Wanakula mayai ya mchwa."

Kaptura alitukuta huko siku ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Tulikuwa tumetoka misani na kupitia shambani kutazama tu, maana siku hiyo baba hakugusa jembe. Kaptura alifukua tuta, akainama muda mrefu na kioo chake cha kukuzia, akatia wadudu kama kumi kwenye chupa, akaondoka bila kuaga.

"Sikukuu yote hii," baba akanung'unika, "na mtu anawinda wadudu."

Wiki mbili baadaye tuliitwa mkutanoni. Kaptura akainua chupa ile ile juu ya vichwa vyetu.

"Ndugu wananchi, huyu hapa ni mchwa. Nyumba yake ni haya matuta ya kizamani. Tukimwachia, atamaliza mahindi ya kijiji. Yafukuliwe yote, yachomwe."

Baba alivua kofia akaiweka mapajani. Mimi nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa nimewahi kumlaza mdudu yule kwenye jani, kando ya mchwa niliyembandua kwenye nguzo ya nyumba yetu, nikawatazama mpaka chakula changu kikapoa. Nikasimama.

"Shikamoo, Bwana Shamba. Huyo si mchwa. Mchwa hana kiuno. Huyo ana kiuno chembamba chenye vifundo viwili. Na papasi za mchwa, zile za kupapasia kichwani, zimenyooka kama shanga kwenye uzi, za huyo zimekunjwa kama kiwiko."

"Marahaba," akasema, akitabasamu. "Mtoto wa nani huyu?"

"Ni wa yule wa matuta!" mtu akajibu, na kicheko kikaanza.

"Kumbe! Haya, profesa. Kama si mchwa, basi anaitwaje?"

Nilimgeukia baba. Baba alitazama kofia yake. Sisi tulisema "wale" tu, na tulielewana.

"Labda hajabatizwa!" fundi baiskeli akapaza sauti. Nilimwona hata katekista akifuta machozi ya kucheka.

Matuta yalichomwa wiki ile ile. Siku ya nne baba aliniambia, bila kunitazama, "Siku nyingine ukinitetea, njoo na jina."

Mvua ziliponyesha tukapanda mahindi kwa mistari. Mchwa wa kweli wakaja, wakayalaza chini shina moja baada ya jingine, kwa mistari pia. Tulikula mihogo ya kuomba kwa shangazi kule Kabwe, na hakuna aliyecheka mkutanoni aliyeniambia hata pole.

Wenzangu chuo kikuu walisema wamefuata wito. Mimi nilisomea wadudu kwa hasira. Nilitaka jina. Mwaka wa pili mhadhiri wetu alinipa kazi ya kupanga droo za sampuli za zamani, na katika droo ya chini kabisa nikakuta chupa yenye spiriti iliyogeuka rangi ya chai. Taya za koleo nilizitambua kabla sijamweka mdudu mmoja chini ya hadubini. Vifundo viwili. Papasi za kiwiko. Mhadhiri alihesabu pingili za papasi, akafungua vitabu vyake siku mbili nzima, kisha akasema kundi lake tunalijua, lakini spishi yenyewe hakuna aliyewahi kuiandika wala kuipa jina. Nimerudi kijijini kumtafuta mdudu yule mara nne. Shamba la baba sasa ni mahindi matupu. Sijampata hata mmoja.

Utotoni niliamini nilishindwa kwa sababu sikujua jina. Sasa najua jina huja mwisho. Kwanza ni kutazama, na mimi nilitazama vizuri. Kwa muda mrefu niliamini pia kwamba Kaptura hakujua kutazama, na kwa ajili hiyo nilikuwa karibu kumsamehe.

Ndani ya chupa mlikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wa Kaptura, ule ule wa matangazo ya ofisi ya kijiji. Tarehe ilikuwa ya sikukuu ile ya Bikira Maria. Chini yake: "Ufipa, ndani ya tuta la majani. Si mchwa. Jina halijulikani."