Sketi ya Nyasi za Plastiki

Juzi, shule moja ya msingi ya Tanambao, hapa mjini Mahajanga, iliadhimisha siku ya utamaduni wa watu weusi. Nikiwa langoni, nilimwona bibi mmoja mwenye asili ya Komoro akimleta mjukuu wake aliyefungwa leso ya kanga na kupakwa usoni liwa, ule urembo wa msandali.

"Bibi, tulisema avae Kiafrika," mwalimu mkuu alimwambia, akampa sketi ya nyasi za plastiki iliyotoka Ufaransa.

Bibi akaishika kwa vidole viwili. "Nani huvaa hii?"

"Waafrika."

"Umewaona wapi?"

Mwalimu mkuu, ambaye kwa weusi ananishinda hata mimi, akajibu, "Kitabuni."

Bibi akamrudishia sketi yake, akampeleka mtoto uwanjani na leso ile ile.

Sherehe ilifana. Waafrika wa kitabuni hawakufika, lakini sisi tulijaa tele.