Si Wewe, Ni Wale Wengine

Dada yangu mdogo anatunza wazee katika mji mdogo huko Ujerumani. Jumapili moja mwaka jana alitupigia simu ya video tukiwa nje ya nyumba ya wazazi wetu, Noonkopir, Kajiado, tukichambua kunde. Alikuwa ameamua kuacha kazi arudi nyumbani. Watu walikuwa wameandamana chini ya dirisha lake wakipaza sauti kwamba wageni warudi kwao, na kati yao alimwona binti wa yule bibi anayemwogesha kila asubuhi.

"Ni nini kinawakereketa hawa watu?" aliuliza, machozi yakimlengalenga.

Hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia ni roho mbaya tu, afunge mizigo.

Aliyecheka ni jirani yetu Mmasai anayetuletea maziwa, aliyekuwa ameketi nasi. Sisi watoto tunamwita Yeyo, yaani mama. Yeye na baba huitana Pakerr, kwa sababu baba aliwahi kumpa kondoo, na kwa Wamasai mkishapeana kondoo mnaitana hivyo maisha yenu yote.

"Hata mimi niliandamana," alisema. "Nilikuja kung'oa fensi ya baba yenu."

Siku hiyo naikumbuka vizuri. Tulikuwa tumehamia kutoka Murang'a, na baba alizungushia ploti seng'enge bila kujua kwamba ameziba njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni. Asubuhi moja wanawake wakaja wakiimba, shanga zikilia, fimbo mkononi. Baba, ambaye hakujua Kimasai hata neno moja, alidhani wamekuja kumkaribisha. Alifungua geti, akacheza, akamwambia mama ateleke sufuria kubwa ya chai.

"Tungefanya nini?" Yeyo alisema. "Unamwimbia mtu wimbo wa kumfukuza, na yeye anaucheza! Tena vibaya!"

Walikunywa chai, wakamwonyesha kwa fimbo njia ya ng'ombe. Baba alisogeza seng'enge wiki hiyohiyo, kisha akapeleka kondoo.

"Kwa hivyo ilikuwa tu fensi, Yeyo?" dada aliuliza.

"Fensi ndio ilikuwa karibu. Maduka yalikuwa ya wageni, shamba linauzwa hatuulizwi, ukienda ofisi Kajiado hakuna mtu anakusikiza. Na kulikuwa na mheshimiwa mmoja, kila siku anatuambia tunamalizwa. Ukiwa na uchungu, mtu akikuonyesha wa kuchukia unamshukuru. Wewe enda umuulize huyo binti ni nini inamuuma. Halafu ndio ukuje."

Mimi niliona ni upuuzi, na nikasema hivyo. Hakuna aliyenisikiza.

Jumapili iliyofuata simu ililia tena, nasi na Yeyo tuko palepale tukichambua kunde. Dada alikuwa amempikia yule binti chai ya maziwa, wakakaa jikoni kule kazini. Aliambiwa kwamba kiwanda alichofanyia kazi mumewe kilifungwa, basi la kwenda kwao likaondolewa, na simu yake humwonyesha video kutwa nzima kwamba wageni ndio waliochukua kila kitu.

"Nikamwuliza, basi niondoke? Alishtuka! Akanishika mkono. Akasema, si wewe, ni wale wengine."

Yeyo alijipiga paja. "Hayo ndiyo nilimwambia baba yenu!"

Tulicheka mpaka kunde zikamwagika. Nilimfurahia, na papo hapo nikaumia, maana miaka hii yote sikuwa nimejiuliza anawasemaje majirani zetu wengine waliohamia kama sisi. Baba naye aliuliza kwa upole, "Pakerr, wale wengine ni akina nani?"

Yeyo alinyoosha mdomo kuelekea maghorofa mapya ng'ambo ya barabara. "Si ni hao. Chai yao sijawahi kunywa."



"Nabaki," dada alisema kwenye simu. "Lakini wale wengine wa huku ni wageni wenzangu ninaokaa nao nyumba moja. Ijumaa nampelekea yule binti wote, wanywe chai naye."