Ukuta wa Upande wa Maji

Nyumba ya baba yangu, kule Igombe, imelipa ziwa kisogo. Mlango na madirisha yake yanatazama mlimani, kwenye mawe, na ukuta wa upande wa maji haukuwa na hata tundu la kupitisha kidole. Nilipokuwa mdogo sikuona ajabu yoyote, kwa sababu nyumba za majirani zilikaa hivyo hivyo. Baba alikuwa mvuvi. Alisema ziwani tunakwenda kazini, na mtu akitoka kazini anarudi kwake. Sababu nyingine hazikuhitaji kuelezwa. Mvua kubwa hutoka upande ule, inakuja imelala na upepo na kupiga ukuta kama changarawe. Tena kuna siku wale wadudu wadogo wa ziwani huinuka majini kama moshi, wakaja kutua popote penye mwanga, na aliyeacha dirisha wazi atawazoa kwa beleshi.

Kati ya nyumba na maji baba alipanda mstari mmoja wa minyaa. Aliupanda pale ambapo maji yalifika mwaka wa mvua kubwa, kabla sijazaliwa. Juu ya minyaa palikuwa na nyumba, jiko na mihogo. Chini yake tulianika dagaa, tulifunga mbuzi na kulaza mtumbwi. Hakuna aliyejenga chini, hata banda la kuku.

Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka. Nilianza kama saidia fundi, nikawa fundi, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja. Bukoba, Tanga, Mtwara, Dar es Salaam. Nyumba ikishaezekwa miguu yangu huanza kuwasha, hata kama kazi ya lipu bado ipo na mwenye nyumba ananibembeleza. Halafu nikifika ninakokwenda nawaza nilikotoka. Mdogo wangu, aliyesomea ualimu Butimba na sasa anafundisha Misungwi, husema mimi ni mtu wa kukumbuka nyumbani kuliko kukaa nyumbani.

Kigamboni tulijenga nyumba ambayo sebule yake ilikuwa kioo kitupu upande wa bahari. Mchana mmoja nilikaa humo juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, nikila wali maharage, nikitazama maji. Nikajiuliza kwa nini sisi tuliozaliwa kando ya maji tunaishi tukitazama mawe, wakati wenzetu wananunua kutazama maji kwa bei kubwa namna hii.

Nilirudi Igombe na wazo hilo. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na ziwa lilikuwa limerudi nyuma miaka kadhaa mfululizo. Chini ya minyaa palikuwa pakavu, pameota majani mpaka mbuzi walishindwa kuyamaliza. Nikajenga hapo chumba kimoja cha tofali za saruji, chenye baraza na dirisha pana la kioo linalotazama maji. Nilisema ni chumba cha mama. Ukweli ni kwamba nilijijengea na mimi, ili popote nitakapokuwa nijue kuna mahali pa kurudi panapofanana na ninavyopakumbuka.

Mama alihamia wiki ile ile. Nyumba ya zamani akaiacha na magunia.

Jirani yetu, mama mmoja ambaye tangu ujana wake huanika dagaa na kuwapeleka soko la Mwaloni, Kirumba, alikuja kukitazama chumba. Akaenda hatua kwa hatua kutoka barazani mpaka majini, akarudi.

“Fundi wa Dar,” akasema, “umemjengea mama nyumba au mtumbwi?”

“Shikamoo mama. Ziwa limeshakwenda.”

“Marahaba. Limekwambia linakokwenda?”

Tukacheka wote. Mwezi uliofuata na yeye alijenga stoo ya dagaa chini ya minyaa.

Miaka ikapita, kisha ukaja msimu ambao mvua hazikukatika. Nilikuwa Mtwara mdogo wangu aliponipigia simu kusema stoo ya jirani imekwenda na maji yamefika barazani kwa mama. Nilifika siku ya tatu. Nilimkuta mama amekaa kitandani, miguu imeinuliwa juu ya kigoda, anachambua mchele. Maji yalikuwa yanaingia mlangoni polepole na kutoka, yakiacha vipande vya magugu maji sakafuni. Ungedhani ni mgeni anayeingia na kutoka, na mama hataki kumjali.

Mdogo wangu alikuwepo. “Mama, jamani, tumezungumza,” alisema. “Shule zikifungwa nakuja na gari. Zimebaki wiki tatu tu. Misungwi kuna chumba, kuna umeme, kuna wajukuu.”

“Na kuna nini cha kutazama?” mama aliuliza.

“Mama, kuna barabara.”

“Hapa si lazima pawe pa kukimbiwa,” nilisema mimi. “Nyumba ya juu ipo. Nitaisafisha leo, utalala huko.”

Mama aliacha kuchambua. “Kwenye giza lile sirudi, baba. Nimekaa humo miaka na miaka nikitazama mawe, nikasema basi, ndiyo maisha. Ukanitoa. Sasa unanirudisha? Afadhali Misungwi.”

Nilijua mama akishapanda gari lile, nyumba itafungwa kufuli, na nyumba ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, ikishafungwa, haichukui muda kwenda na mchwa. Mimi nisingekuwa tena na mahali pa kukumbuka.

“Nikitoboa dirisha kwenye ukuta wa maji, utabaki?” nilimuuliza mama.

“Kwanza toboa.”

Mdogo wangu akacheka. “Haya fundi. Una wiki tatu.”

Mama alihamia kwa jirani, na magunia ya nyumba ya juu tukayapeleka huko. Mimi nilianza kwa kubomoa kazi yangu mwenyewe. Nilivua bati, nikatoa kenchi zilizobeba paa, nikang'oa dirisha na fremu yake huku nimesimama ndani ya maji mpaka magotini. Watoto wa jirani walizibeba tofali zilizotoka nzima kupitia pengo la minyaa.

Kisha nikauendea ukuta wa baba. Ukuta wa namna ile hauna lenta, boriti ya kubeba tofali zilizo juu ya uwazi. Ukichomoa tofali chache pasipostahili, za juu zinakufuata. Nilisimika mirunda kubeba paa, nikaanza kubandua lipu ya udongo kwa tindo, taratibu, kwa ndani.

Nilipobandua eneo la ukubwa wa meza, niliacha kazi. Tofali zilikuwa zinapishana vizuri kama inavyotakiwa, kisha zikakatika kwa mstari ulionyooka kutoka juu mpaka usawa wa kiuno. Hatua moja pembeni kulikuwa na mstari mwingine kama huo. Katikati yake zilikuwa tofali za rangi tofauti, zilizopangwa na mtu mwenye haraka. Juu yake kulikuwa na kipande cha mti wa lenta, kimebaki ganda, ndani mchwa wamekimaliza. Fundi yeyote angejua ni nini. Hapo palikuwa na dirisha, likazibwa.

Nilikwenda kwa jirani na vumbi langu. Mama alikuwa anageuza dagaa.

“Mama, ukuta ule ulikuwa na dirisha.”

“Ndiyo. Nililiomba mimi nilipoolewa.”

“Mbona hukuniambia?”

“Hukuuliza, baba. Ulitoka Dar unajua kila kitu.”

Jirani akainamisha uso kwenye dagaa wake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

“Na nani alilifunga?”

“Baba yako. Ulipozaliwa. Kila mvua kitanda kililowa, ukawa unakohoa usiku kucha. Akalifunga siku moja, kwa tofali alizokopa kwa mtu. Akasema ukikua atalifungua.” Akageuza fungu jingine. “Ukakua, ukaondoka. Naye akawa amesahau, au amechoka. Sikumkumbusha.”

Nikarudi kazini.

Dirisha langu lilikuwa pana kuliko lile la zamani, kwa hiyo lenta mpya ilihitajika. Nilichimba mfereji mlalo nusu ya unene wa ukuta, nikaweka nondo mbili na kumwaga zege. Nikasubiri wiki, nikafanya nusu ya upande wa nje, nikasubiri tena. Siku ya kutoa tofali za chini, ufa ulipanda kutoka kona ya kushoto mpaka kwenye bati. Nilisimama nimeushika ukuta kwa mikono miwili, kana kwamba ningeweza kuuzuia. Haukuendelea. Nikaweka fremu, nikafunga wavu wa matundu madogo kwa ajili ya wadudu, na juu yake nikajenga kikofia cha zege cha kukinga mvua, kirefu kuliko nilivyowahi kujenga popote.

Mdogo wangu alikuja na gari siku aliyosema. Mama alisimama ndani, mbele ya dirisha, akatazama. Chini ya minyaa, kuta za chumba changu zilizobaki zilikuwa zimetokeza majini kidogo, ndege mmoja mweusi amekaa juu yake akianika mabawa.

“Kitanda kiwekwe hapa,” mama alisema. “Kichwa huku.”

“Na gari?” mdogo wangu akauliza.

“Si lipo? Lilete magunia yaliyo kwa jirani.”

Alasiri ile mvua ilikuja kutoka ziwani, imelala kama kawaida yake. Tulikaa watatu kitandani tukiangalia kioo. Kikofia kilifanya kazi. Lakini kwenye kona ya kushoto, pale penye ufa, maji yalitokeza tone moja, likateremka ukutani, likafuatwa na jingine. Mama alinyoosha mkono akanipa kitambaa.

Nilikuwa nimemwahidi mtu wa Bukoba kwamba Jumatatu nitakuwa kwake. Nilimpigia simu nikamwambia atafute fundi mwingine, nina ukuta unaovuja.