Marehemu Anadai Pasipoti

Zuwena Jabiri amefundisha baiolojia kwa miaka kumi na miwili katika shule moja ya sekondari hapa Kibaha, na katika miaka yote hiyo nilimwona akikimbia mara moja tu. Ilikuwa siku barua ya chuo kikuu cha Ujerumani ilipoingia kwenye simu yake. Alikimbia kutoka maabara hadi chumba cha walimu, chura wa kupasuliwa bado yuko mkononi, akasimama mlangoni na kusema, "Wamenichukua." Kisha akamwona chura, akaomba radhi, akarudi kumweka mahali pake.

Alikuwa na miaka thelathini na minane. Alizaliwa Maneromango, wilayani Kisarawe, mtoto pekee wa Bi Swaumu na marehemu mzee Jabiri. Aliwahi kuolewa Mlandizi, akaachika bila kelele, akarudi Kibaha na godoro, jiko la gesi na vitabu vyake. Hakuwa mtu wa kulalamika. Kitu pekee kilichomkosesha usingizi ni muhogo: ule ugonjwa unaoozesha mizizi ardhini huku majani juu yakipendeza. Shamba la baba yake liliisha hivyo. Mzee alikuwa akilitazama kila asubuhi na kumshukuru Mungu, mpaka siku ya kuvuna. Zuwena aliniambia mara nyingi kwamba anataka kujua ni siku gani hasa baba yake alianza kushukuru bure. Wajerumani walikuwa na maabara ya kuchunguza jambo hilo, na walimpa nafasi pamoja na ufadhili wa miaka miwili.

Ilibaki viza. Miadi ya ubalozini aliingoja miezi saba, ikapangwa Jumanne, saa mbili asubuhi. Ukiikosa unaanza foleni upya, na masomo yalikuwa yanaanza Oktoba. Ndiyo maana bahasha yake ya kaki, yenye pasipoti, vyeti, bima na barua ya chuo, alilala nayo chini ya mto kama mtu anayelalia panga.

Kosa lake lilikuwa kwenda nayo kwenye dua. Jumamosi kabla ya miadi, Bi Swaumu alimwandalia mwanawe kisomo cha safari nyumbani Maneromango, na akataka shekhe azisomee zile karatasi pia. Zuwena alinichukua, tukaenda. Bahasha ikawekwa juu ya mkeka kati ya chetezo na sinia la tende, shekhe akasoma, watu wakaitikia amina.

Mzaramo akiwa na shughuli hasahau mambo mawili: wali, na mtani wake Mnyamwezi. Athanas alikuwa mtani wa nyumba ile tangu zamani, mtu wa Urambo aliyehamia Magindu na ng'ombe wake. Mzee Jabiri alipofariki, Athanas ndiye aliyechimba kaburi, kisha akavaa kofia ya marehemu na kukohoa kama yeye mpaka wafiwa wakacheka. Kazi ya mtani ndiyo hiyo. Anaweza kukutukana, anaweza kukunyang'anya kitu, na huruhusiwi kukasirika wala kukichukua kwa nguvu. Unakikomboa kwa anachotaka yeye, basi. Kumkasirikia mtani ni aibu inayokaa ukoo mzima.

Shekhe alipofunga dua, Athanas alisimama akiwa bado na sahani ya pilau.

"Wazaramo," alisema, "nimewasikiliza. Mtoto anakwenda mahali ambapo hamtamwona, hamtamshika, na akirudi hatakula tena chakula chenu. Kwetu huyo tunamwita marehemu. Na marehemu hasafiri na pasipoti." Akainama, akachukua bahasha, akaiingiza ndani ya shati lake.

Watu walicheka sana. Zuwena naye alicheka. Bi Swaumu hakucheka. Alikuwa anagawa pilau, akaendelea kugawa. Tulipomaliza kunawa mikono tukamtafuta Athanas ili Zuwena amkomboe kwa kuku, tukaambiwa ameshapanda pikipiki kurudi Magindu.

"Atarudi," alisema Badru, mdogo wake Bi Swaumu.

"Lini?"

"Mnyamwezi? Kwenye msiba mwingine."

Jumapili tukamfuata. Tulipita Mlandizi, tukashika njia ya Kwala, tukafika Magindu saa tano tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Athanas alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mtani," alisema Zuwena.

Athanas hakuinua uso. "Mama Evance," alimwita mkewe, "umesikia kitu?"

Honorata alikuwa anapepeta mahindi mlangoni. "Sijasikia."

"Upepo leo unatoka Kisarawe." Kisha akanigeukia mimi. "Karibu, mwalimu. Umekuja peke yako njia yote hii? Pole na msiba."

"Msiba gani, mzee?"

"Wa mwenzako Zuwena. Alikuwa mtu mzuri. Mchoyo kidogo, kama Wazaramo wote, lakini mzuri."

"Mimi mchoyo?" alisema Zuwena. "Mtani, kesho kutwa saa mbili natakiwa ubalozini. Ukinichelewesha nimekwisha."

"Na mbu wa mchana wamezidi mwaka huu," Athanas aliniambia.

Nimeona watu wengi wakipuuzwa, mimi mwenyewe nikiwemo, lakini sijawahi kuona mtu akipuuzwa kwa ustadi namna ile. Honorata alileta uji. Kikombe kimoja alinipa mkononi. Kingine alikiweka chini, pembeni ya kizingiti, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga.

"Huo wa marehemu," alisema. "Sisi hatuwaachi na njaa."

Zuwena alisimama kidogo akiutazama. Tulikuwa hatujala tangu alfajiri. Akainama, akauchukua, akanywa.

"Unaona," Athanas aliniambia. "Mizimu ya siku hizi haina subira."

Ikabidi mimi niwe mdomo wa mwenzangu aliyekuwa amekaa nami bega kwa bega. Niliuliza bahasha iko wapi. Akasema iko kihengeni, juu ya mahindi, panya hawafiki. Niliuliza anataka nini. Kuku? Mbuzi?

"Sitaki mifugo, ninayo. Maiti anakombolewa na mfiwa. Swaumu aje mwenyewe hapa, alie kama mtu aliyeondokewa. Akilia, nampa." Akaupuliza mpini kuondoa vumbi la mti, na sauti yake ikashuka. "Jana nilimtazama yule mama. Mtoto ni huyo mmoja, anaondoka, naye anagawa pilau kama mpishi wa kukodi. Mimi ni mtani. Kazi yangu si kuchekesha tu."

Njiani kurudi Zuwena alitaka tupite kituo cha polisi. Askari alikuwa mtu mpole, alitoa kitabu na kalamu.

"Umeibiwa?"

"Nimechukuliwa pasipoti."

"Na nani?"

"Mnyamwezi."

Askari alimtazama. "Wewe kabila gani?"

"Mzaramo."

Aliweka kalamu chini, akafunga kitabu. "Dada yangu, mimi Msukuma, mtani wako vilevile. Ukiendelea kusimama hapo, na huo mkoba nitauchukua."

Jioni Zuwena alimpigia mama yake simu, akaweka sauti ya wazi ili nisikie. Alimweleza yote.

"Nilie?" alisema Bi Swaumu. "Kwa lipi? Mwanangu amefaulu."

"Mama, ni mchezo tu. Hata kidogo. Funika uso na kanga, yeye hataona."

"Ndiyo maana sitaki. Machozi siyachezei. Kwani huko wanakaa vipi na baridi?"

"Wanavaa makoti, mama."

"Haya," alisema, akakata.

Tangu barua ya chuo ifike, Bi Swaumu hakuwahi kusema nenda wala usiende. Alisema tu, "Haya." Zuwena alikuwa amelizoea neno hilo, na alilichukulia kuwa baraka kwa sababu halikuwa katazo. Mimi nina watoto wawili na nilikuwa na mashaka, lakini sikuulizwa.

Jumatatu asubuhi Zuwena alikaa kwenye kitanda chake akiwa amevaa vizuri, hana pa kwenda. Ukutani alikuwa amebandika karatasi zenye majina ya vitu kwa Kijerumani: mlango, dirisha, ndoo, feni. Aliniambia kwamba amejaribu kufikiri atamwambia nini afisa wa dirishani. Pasipoti yangu imezuiwa kwa sababu nimekufa. Lugha anayo ya kutosha kulisema hilo, alisema, tatizo ni kwamba kila neno litakuwa la kweli. Ilipofika saa nne simu ikaita.

"Niko stendi ya Mlandizi," alisema Bi Swaumu. "Njooni mnioneshe kwa huyo mshenzi."

Alikuwa amepanda pikipiki kutoka Maneromango, mwanamke wa miaka sitini na tisa, na mkeka umekunjwa umelala mapajani. Hakutueleza kitu njia nzima.

Athanas alikuwa amejiandaa. Uani palikuwa na kitanda cha kamba, na juu yake bahasha ya kaki imeviringishwa kwa shuka jeupe na kufungwa kwa vitambaa sehemu tatu, kama inavyotakiwa. Pembeni alikuwa amechimba shimo la kiasi cha mche wa ndizi. Majirani watano au sita walikuwa wamekaa kwenye magogo, wamevaa nyuso za msiba, na mmoja alikuwa na redio akaizima tulipoingia.

Bi Swaumu alitandika mkeka wake, akakaa. Aliitazama ile sanda.

"Mbona fupi?"

"Mzaramo akifa hupungua," alisema Athanas.

"Nani aliyemfunga? Kichwa umekielekeza wapi?"

Athanas aliangalia jua, akakigeuza kitanda kidogo. "Sasa lia, Mzaramo. Watu wana kazi zao."

"Silii."

"Basi nafukia." Akashika jembe. Zuwena alisimama, Honorata akamvuta nguo akamkalisha.

"Ngoja, Mnyamwezi," alisema Bi Swaumu. "Nimekuja na fidia. Nakuuliza kwanza. Huyu akienda, anakaa miaka miwili. Mimi nikifa mwezi wa tatu, kwetu tunazika siku hiyohiyo. Ndege inatoka huko inafika hapa lini?"

Alihesabu saa kwa vidole mpaka vikaisha.

"Hatawahi," alisema. "Nimeipiga hesabu hii tangu barua ilipokuja. Napika naipiga, nasali naipiga. Hata akipewa taarifa asubuhi, akipata nafasi mchana, hatawahi. Mtoto wangu ni mmoja na hatanizika. Wewe unataka nilie hapa mbele ya watu wako na redio yao."

Zuwena alisema, "Mama." Bi Swaumu alimwinulia kiganja bila kumtazama.

"Kwa hiyo nakupa kitu kikubwa kuliko machozi. Nakupa maziko yangu. Nikifa wewe utafika Maneromango siku hiyo, iwe masika, iwe ng'ombe wanazaa. Utachimba. Wanawake wataniosha, shekhe atasoma, lakini atakayesimama mahali pa mwanangu awe wewe. Na utanicheza vizuri, uwachekeshe. Kikohozi changu unakijua. Ukikubali, nipe hiyo maiti."

Jembe lilibaki hewani kidogo, kisha Athanas akalishusha. Nadhani alikuwa anatafuta utani na hakuupata, na kwa Mnyamwezi mbele ya Mzaramo hiyo ni njaa.

"Sasa Swaumu," alisema mwishowe, "mimi nina miaka sabini na mmoja. Nikitangulia?"

"Umeshakula pilau yangu. Hutangulii."

"Umeniweza."

"Najua."

Akaenda kitandani, akafungua vitambaa kimoja kimoja, akaitoa bahasha. Akamkabidhi Zuwena kwa mikono miwili, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Marahaba," alimwambia.

Wale majirani waliulizana kama kuna chakula. Kulikuwa na ugali na maziwa mgando. Tulikula, na shimo likapandwa mgomba.

Jumanne saa mbili kasoro robo Zuwena aliingia ubalozini, mimi nikamngoja ng'ambo ya barabara. Alitoka saa tatu na nusu. Walipokea kila karatasi, wakachukua alama za vidole, wakamwambia asubiri simu. Akampigia mama yake palepale kando ya barabara.

"Wamepokea?"

"Wamepokea, mama. Hakuna kilichopungua."

"Haya," alisema Bi Swaumu, akakata.

Tulirudi Kibaha. Saa kumi jioni, tukiwa chumbani kwake, Zuwena akisahihisha madaftari ya kidato cha tatu kitandani, Badru alipiga simu kutoka Maneromango. Alikuwa ananong'ona. Alisema dada yake ametandika mkeka barazani tangu adhuhuri, amejifunga kanga kichwani, analia. Wanawake wa jirani wamesikia, wamekuja, wamejaa uwanja mzima. Wanauliza nani amefariki. Anawaambia hajafa mtu.

"Sasa wamekaa tu?" aliuliza Zuwena.

"Wamekaa, wanalia naye. Wengine wamekuja na unga na kuni. Mimi niwaambie nini?"

Zuwena alishafunga daftari. "Nakuja. Nikitoka sasa hivi nafika kabla ya magharibi."

Badru alimwambia asubiri, akaenda kuuliza. Tulisikia ndala zake kwenye mchanga, zikaenda, zikarudi.

"Anasema usije. Anasema haijawahi kutokea mtu akaja kwenye matanga yake mwenyewe, utawachanganya watu."

Zuwena akamwomba mjomba wake asikate simu, aiweke tu kwenye mkeka, karibu na mama. Badru akaiweka. Tukakaa pale kitandani, simu katikati yetu, tukiwasikiliza wanawake wa Maneromango wakimlia, hadi simu ya Badru ilipoisha chaji.